Ratiba ya Rangi Nne

Juzi, hapa Mfaranyaki, nilimkuta binti yangu akipiga mistari kwenye karatasi ya manila, daftari lake la Kemia limefungwa. Nikakumbuka utoto wangu, harufu ya tumbaku mbichi ikanijia puani.

Nilikuwa kidato cha pili, kwetu Namtumbo, na kesho yake tulikuwa na mtihani. Mama alinisamehe kazi ya kufunga majani ya tumbaku kwenye vijiti vya kukaushia ili nisome. Nikaketi barazani kuchora ratiba. Nilipiga mstari, nikafuta, nikabadilisha kalamu zangu za rangi nne, nikaanza upya; mguu wangu haukutulia. Uani vijiti viligongana, vikanikera. Niliamini kabisa kwamba ninasoma.

Jua lilipopungua ukali Mama alikuja, vidole vyeusi kwa utomvu. "Hebu nisomee, mwanangu."

"Saa tisa, Kemia. Saa kumi, Hisabati. Saa kumi na moja, Jiografia."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Nilidhani anauliza saa tu. "Saa kumi na mbili kasorobo, Mama," nikajibu kwa majivuno.

Alirudi uani, akaketi mbele ya fungu langu la majani, akaendelea kulifunga.