Siku Niliyoruka Salamu Kasoli

Hii sijawahi kumsimulia mtu kwa sababu ni aibu tupu, tena aibu ya kujitakia, lakini mkinicheka leo haina neno, maana hata mimi nikiikumbuka peke yangu nacheka mpaka natamani siku ile irudi.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, mawasiliano ya taasisi, na utafiti wangu ulihusu jinsi viongozi wa chama cha wakulima wa pamba wanavyopashana habari na wanachama wao. Msimamizi wangu, tuliyemwita Daktari tu, alishachoka na wanafunzi wanaojijazia madodoso sebuleni, akaniambia wazi, "Nisipokuona kwa video ukiwahoji, hiyo kazi siipokei, utarudia mwaka mzima." Basi asubuhi nikaenda Kasoli, kijiji cha Usukumani, suruali imenyooka, tai shingoni (tai, jamani, kwenye vumbi la ghala la pamba!), nikawakuta wanachama kama arobaini wamekaa juu ya magunia wakisubiri mzani. Nikampigia Daktari, nikaegemeza simu kwenye gunia, na hapo hapo ukaingia ujumbe kwamba bando linakaribia kuisha.

Nikajiambia salamu za huku zitamaliza bando lote, bora niziruke. Nikaanza moja kwa moja na swali la kwanza. Kimya. Nikadhani hawasikii, nikapaza sauti, kimya kile kile, watu wananitazama kama mbuzi aliyeingia kanisani, nami badala ya kushtuka nikaigeukia simu na kumweleza Daktari kisomi, mbele yao wote, kwamba hapa kuna tatizo kubwa la mtiririko wa taarifa.

Mama mmoja wa makamo, Mama Minza, akanyoosha mkono.

"Wewe kijana, unakimbizwa?"

"Hapana, mama."

"Sasa mbona hujatuona? Kwenu wapi?"

Nilitamani kusema Dar. "Zagayu," nikajibu, na ghala zima likaangua kicheko.

"Zagayu! Kumbe mtoto wa hapa hapa! Hebu toka nje, uingie upya kama mtu aliyelelewa."

Nikatoka na tai yangu. Nikaingia upya, nikiwaamkia kina mama na kina baba kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayo, mwangaluka, bhabha," mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitaka jina la baba, la babu, mvua za kwetu zikoje, ng'ombe hawajambo, na nilipomaliza mtu wa mwisho video ilishakatika zamani. Nikajua mwaka wangu umekwenda na maji.

Ajabu ni kwamba sasa walijibu kila swali, mpaka nikaishiwa karatasi. Nikaazima simu ya Mama Minza, nikampigia Daktari nikiwa karibu kulia.

"Nimeona mpaka ulipofukuzwa," akasema, akijizuia kucheka. "Sebuleni hakuna anayekufukuza. Endelea na kazi."

Siku hizi nina ofisi Bariadi mjini, na watu huingia na "nina ishu ya haraka" bila hata habari za asubuhi, nami nawahudumia tu, lakini moyo unakwenda Kasoli, kwenye yale magunia, kwa Mama Minza ambaye hatunaye tena na ninayemkumbuka kuliko walimu wangu wote. Bando likiisha na liishe. Mimi nikikutana na mtu mzima nasalimu kwanza, na jina la baba yangu namtajia kabla hajaniuliza.