Ng'ombe Pembeni mwa Wimbo

Jarida letu la muziki lilipangwa juu ya jiwe. Shuleni hatukuwa na chumba, kwa hiyo jioni mimi na rafiki yangu, msichana aliyejua kuchora kuliko wote kidato cha tano, tulishuka hadi ufukweni, tukapanda jiwe pana lenye joto la mchana, tukatandaza karatasi na kuzikandamiza kwa viatu vyetu. Ziwa lilikuwa limetulia. Hata leo nikifumba macho naziona kurasa zile, nyeupe, hazijaandikwa kitu, na nadhani hapo ndipo zilipokuwa nzuri zaidi.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Redio mpya zilianza kusikika, kanda zilijaa sokoni, na viwanda vya umma vilikuwa vikiuzwa. Kimoja kilikuwa Nyakato, chenye bendi ya wafanyakazi na ukumbi wake. Mnunuzi alikwisha kusema ukumbi utakuwa ghala. Bendi nzima ilikuwa ikijiuliza itaimbia wapi, nasi tukaona tuwahi: ukurasa wa katikati uwe wao, kabla hawajatawanyika.

Mwimbaji wao, mtu mzima aliyetoka Ukerewe, alituruhusu kurekodi mazoezi. Tulisikiliza kanda ile mpaka ikaanza kukwaruza. Wimbo mmoja ulitunasa kabisa. Sauti yake ilikuja polepole, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya maji: "Wazee nipatieni mahari, nami nitulie."

Tuliuelewa mara moja, au ndivyo tulivyodhani. Nyumbani wakati huo baba na wajomba walikuwa kwenye mazungumzo ya posa ya dada yangu, na masikio yangu yalikuwa yamejaa ng'ombe. Nikaandika makala ndefu juu ya kijana anayetaka kuoa, yenye maneno makubwa niliyoyaonea fahari sana. Rafiki yangu akayaandika maneno ya wimbo, akayazungushia ng'ombe wenye pembe ndefu, wakishuka ziwani kunywa maji. Aliwachora moja kwa moja kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, kwa kalamu ya chuma, na stensili nyingine hatukuwa nayo.

Jumamosi tulimpelekea mwimbaji aione kabla hatujaidurufu. Tulimkuta mlangoni mwa ukumbi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, wanangu. Haya, nione." Akaiinua juani, akakunja uso. "Na hawa ng'ombe?"

"Wa mahari," nikasema.

"Mahari ya nani? Mimi nina wajukuu!" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaugeukia mlango. "Ukumbi huu wanaufunga, wanangu. Hatuna mahari pa kuimbia."

Ile "pa" ndiyo iliyotuzindua. Mahali! Kwake l na r zilikuwa herufi moja, kama zilivyo kwa wengi wa kwetu; mimi mwenyewe niliwahi kuandika kwenye insha kwamba wananchi walikwenda kupiga kula. Muda wote ule mtu alikuwa akiomba pa kuimbia, na sisi tunamwoza. Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama usoni nilihuzunika.

Makala yangu, ambayo kwa bahati haikuwa imepigwa chapa, niliichana. Mpya ikawa fupi: bendi hii inaomba mahali. Stensili hatukuthubutu kuichana. Tulipaka dawa ya kufutia juu ya ile r, tukaipuliza ikauka, rafiki yangu akaandika l huku amebana pumzi. Ng'ombe tukawaacha waendelee kunywa maji yao.

Jarida lilipotoka, tuliwahi Nyakato na nakala ya kwanza, wino ukiwa bado unachafua vidole. Mlango wa ukumbi ulikuwa na kufuli jipya, na dirishani yalionekana magunia yamepangwa mpaka juu. Mwimbaji alikuwa amesimama nje na wenzake wawili. Hakuna aliyekuwa amewapa mahali popote.

Akaushika ukurasa kwa mikono miwili, akawatazama ng'ombe, akatabasamu. Halafu akauimba wimbo ule palepale juani, bila gitaa, akiyafuata maneno yetu kwa macho, herufi zote zikiwa sahihi.

"Wazee nipatieni mahari," aliimba, kama siku zote.

Nami safari hii nilisikia mahali.