Filamu ya CD Mbili

Kazi yangu ni kupiga domo juu ya filamu za watu. Hapa Malaba, nyuma ya foleni ya malori, kuna ukumbi wa mabati wenye televisheni kubwa. Mimi hukaa pembeni na maikrofoni nikitafsiri kwa Kiswahili kila kinachosemwa kwa Kiingereza. Nisichosikia vizuri natunga, na sioni haya. Madereva wananiita DJ, na wananipenda kwa kosa ambalo DJ wenzangu hunicheka nalo: siwezi kuficha mwisho. Mambo yakimharibikia staa, natangaza mapema, "Tulieni, huyu hafi."

Mama yangu, kule Bukhayo, aliiona kazi hiyo kuwa upuuzi wa dunia. Mama wa kanisa, ungetaka aseme nini? Lakini mwaka jana ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimziba macho yote mawili, akawa anapapasa kuta za nyumba aliyoisiriba kwa mikono yake mwenyewe. Daktari alisema akipasuliwa ataona. Yeye akakataa katakata. Jirani yetu alipasuliwa akiwa amechelewa, akarudi haoni vilevile, na mama akasema afadhali giza analolijua. Nilikasirika, nikamwambia ana kichwa kigumu. Akaniuliza changu nilikirithi wapi.

Jumapili moja, tukichambua maharagwe, nilimsimulia filamu moja ya zamani. Mwanamume anachimba kisima, kijiji kizima kikimcheka, maana ardhi ile haijawahi kutoa maji. Siku anayogusa udongo wenye unyevu, kisima kinamporomokea. Majirani wanavua kofia, wanaomba, wanaenda zao. Mkewe peke yake anabaki akiliita lile shimo. Hapo CD ya kwanza inaisha.

Mama aliacha maharagwe, akauliza ikawaje. Ndipo mimi, nisiyejua kuficha mwisho, nikapata ujanja. Nikamwambia CD ya pili iko Malaba, na ataiona kwa macho yake au hataijua kamwe. Alininunia wiki mbili. Wiki ya tatu dada yangu akanipigia simu: mama anasema njoo umpeleke hospitali.

Asubuhi ya upasuaji, aliyeogopa ni mimi. Niliona nimemhadaa mzazi wangu kwa filamu, na akipoteza hata ule mwanga kidogo aliobaki nao, nitamtazama vipi? Nikamshika mkono mlangoni, nikamsihi turudi nyumbani, mwisho nitamsimulia njiani.

"Usiniambie," alisema. "Nilijua siku ileile. Nani hutengeneza CD ya pili kwa ajili ya maiti? Hata Ijumaa ile ya msalaba watu walienda nyumbani, baba. Walidhani imeisha."

Akaingia na nesi, mimi nikabaki kwenye benchi. Haki, niliona aibu. Miaka yote nawaambia madereva wasiogope, kumbe mimi husema hivyo baada ya kuitazama filamu mara tatu. Mama hakuwa ameona chochote.

Jicho la kwanza lilifunguka, na la pili baada ya miezi miwili. Alipopona akaja Malaba na kitambaa chake cha kanisa kichwani, madereva wakampisha benchi la mbele. Niliweka CD ya pili. Haikupita dakika moja, akanivuta mkono.

"Baba," alininong'oneza, "rangi zimepotea."

Nikawaza jirani yetu, nikawaza nirudi kumwambia daktari nini. Kisha nikakumbuka kwamba filamu yenyewe ni ya zamani, nyeusi na nyeupe tupu, na hilo sikuwahi kumwambia. Nikamwomba anitazame mimi. Akageuka polepole.

"Shati ni la kijani," alisema. "Na kola imechakaa. Huna sindano?"

Madereva walicheka, mimi nikafuta machozi kwa hiyo kola. Mama alikuwa amesharudi kwenye filamu. Mwanamke yule alikuwa bado ameinama juu ya shimo, siku ya nne sasa, na ukumbi wote umebana pumzi. Nikainua maikrofoni niwaambie watulie. Mama akaishusha kwa mkono wake.

"Nyamaza," alisema. "Waache nao waamini."