Matembezi ya Neema Yalivyogeuzwa Msiba

Binti yangu Neema anatembeza wageni Bagamoyo! Anawazungusha mji wa bandari kupitia ufukweni, anawarudisha walipoanzia.

Hamjambo lakini?

Wifi yangu alicheka: "Kuzunguka na kurudi pale pale, hiyo nayo kazi?"

Basi leo Neema, aliyekuja likizo, katutembeza hapa Ifakara, kinamama sita, wifi akiwemo. Tulianzia kwa wifi mpaka kivukoni, tukarudi kwa njia ya mashamba.

Kanga mabegani, mikono mitupu. Watu wakadhani tunakwenda msibani! Wakatufuata kimya kimya.

Kufika kwa wifi, ua umejaa. Mzee mmoja akaangua kilio: "Kumbe ni hapa! Nani katutoka?"

Wifi jasho linamtoka: "Hakuna msiba! Tunazunguka tu!"

"Mnazunguka ili iweje?"

"Ni kazi hiyo, jamani! Kazi ya Neema!"

Mmemsikia?

Tunazunguka tena. Vaeni nguo za sikukuu, mje wote Jumapili.