Jumamosi za Kuziba Korongo

Nilipoolewa katika bonde lile chini ya vilima vya Kibakwe, nilimkuta mama mkwe wangu hasalimiani na jirani yake. Ugomvi ulitokana na korongo. Kila mvua ikinyesha, maji yalimega udongo kati ya mashamba yao, hadi mpaka wenyewe ukaporomoka, na kila mmoja akaamini mwenzake ameusogeza.

Kiangazi kimoja wanakijiji tulikubaliana kujitolea kila Jumamosi kuliziba. Tulitoa mawe mlimani, tukayapanga kukatiza korongo ili maji yapunguze kasi na udongo ubaki, kisha tukapanda mkonge kingoni. Mama mkwe alikuja kwa sababu shamba ni lake. Jirani naye alikuja kwa sababu hiyo hiyo.

Tulijipanga mstari wa kupokezana mawe. Sijui ilikuwaje, nikajikuta nimesimama katikati yao.

"Mwambie huyo asinirushie mawe kama anafukuza mbwa," mama mkwe aliniambia.

"Mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mikono yake ndiyo imelegea."

Tulifanya kazi namna hiyo Jumamosi kadhaa. Watu walicheka chinichini. Mimi, mgeni pale, sikuthubutu.

Siku moja nilitoka kwenda kunywa maji. Mstari haukusimama, kwa hiyo wakawa wanapokezana wao kwa wao, kimya. Kikombe kikiwa bado mdomoni, nikasikia jirani akipiga kelele.

"We mama! Nge!"

Nge alikuwa ametoka kwenye jiwe na sasa anapanda mkono wa mama mkwe. Jirani akampangusa kwa ncha ya kanga yake, akamponda pale chini. Nilifika nikihema.

"Kakuuma?" jirani alimuuliza.

"Hapana." Mama mkwe aliugeuzageuza mkono wake, akakaa juu ya jiwe. Kisha akasema, "Mpaka ulipita pale kwenye mkwaju."

"Mkwaju gani! Ulipita huku, kwenye kichuguu."

"Kichuguu hicho kimeota juzi!"

Sauti zilipanda. Nilitaka kuingilia, lakini mume wangu akanishika bega.

"Waache," alisema. "Si unaona wanaongea?"

Waliongea mpaka chakula kilipoletwa, na hata kwenye ugali wa mtama na mlenda waliendelea, wakichovya kwenye bakuli moja. Jirani alikumbuka mahali walipokuwa wakifunga ndama walipokuwa wasichana. Mama mkwe alicheka hadi akapaliwa. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo.

Mvua zilipokuja, tulikwenda kuangalia. Kizuizi cha juu kabisa kilikuwa kimebomoka, tukakijenga upya. Vingine vilisimama imara, na maji yalipita juu yake taratibu yakiacha tope zito nyuma. Nilisimama pale nimelowa chapachapa, nikiwa na furaha ambayo sikujua nimwambie nani.

Kuhusu mpaka, hawajakubaliana hadi leo. Lakini mwaka jana walipanda maboga kwenye udongo ule uliojikusanya nyuma ya mawe, bila kuulizana upande upi ni wa nani. Nilichuma moja, nikalipika kwa karanga, tukalila jioni hiyo uani kwetu, wote wawili wakinilaumu kwamba nimezidisha chumvi.