Nilimsingizia Mtoto wa Mume Wangu

Mume wangu aliniacha nikiwa na miaka sitini na moja. Hakufuata mwanamke. Alikwenda kupanga chumba na mwanawe.

Hapa Leskovac, mji wetu wa Serbia, majirani wanasema mume wangu Miodrag kachanganyikiwa. Sijawahi kuwakatalia.

Leo naisema ilivyokuwa.

Nilipoolewa naye alihamia kwangu na mwanawe Vukan. Dume la miaka thelathini na saba, kiwanda cha nguo kimefungwa, mke hana. Kula kulala. Ndivyo nilivyomtangaza mtaani, ingawa kuni zetu zote za majira ya baridi alipasua yeye.

Miaka minne nilivumilia. Kikombe chake anaosha, mlango anafunga taratibu, mimi ananiita shangazi. Hata kosa la kumkamatia sikuwa nalo, na hilo ndilo lililonichoma.

Septemba moja, Miodrag yuko uani anachoma pilipili nyekundu za kusaga, nikamvaa Vukan jikoni.

"Wenzako wanapeleka watoto shule. Wewe bado unangoja supu ya baba."

"Natafuta kazi, shangazi."

"Katafutie kwako."

"Nikiipata nitaondoka. Nisamehe kwa usumbufu."

Akachukua ndoo, akatoka. Basi.

Jioni mezani nikajiliza. "Mwanao kaniita mbwa, ndani ya nyumba yangu."

Miodrag akaweka kijiko chini. Akanitazama, akanitazama. Kisha akaenda chumbani kwa Vukan.

Nilimsikia kijana akiuliza, "Baba, na wewe umeamini?"

Jibu sikulisikia. Asubuhi Vukan akaondoka na begi moja. Mimi nikafua mapazia huku naimba.

Februari mlango ukagongwa. Bojan, mwanangu wa kumzaa, miaka arobaini, mke wake kamtimua. Mabegi matatu.

"Wiki mbili tu, mama."

Pasaka ikamkuta kwenye kochi.

Siku moja Miodrag, mgongo umemkaza, akamwita. "Bojan, njoo tupasue kuni."

Nikadakia. "Mwache, mzee. Mtoto ana mawazo."

"Mtoto," akasema Miodrag. Akaweka shoka chini.

"Ni damu yangu. Ulitaka nimtupe?"

"Siku ile nachoma pilipili, dirisha la jikoni lilikuwa wazi," akasema. "Nilisikia kila kitu. Vukan hakukutukana."

"Sasa mbona ulimfukuza?"

"Niliogopa utaniacha, nizeeke peke yangu. Nikamtoa mwanangu huku najua. Wangu nilimfukuza kwa maneno yako, Ruzica. Wako nitamfukuza kwa maneno ya nani?"

Akaingia ndani, akatoka na koti na dawa zake za presha, akaenda zake.

Baada ya wiki nikaenda kuomba radhi kwenye chumba walichopanga. Vukan ndiye aliyenifungulia.

"Karibu, shangazi." Sauti ileile.

Nyuma yake Miodrag alikuwa anamenya viazi. Hakugeuka.

"Mimi sina neno na wewe," Vukan akaninong'oneza. "Ila baba hataki. Nimembembeleza sana."

Nikarudi nyumbani kwa miguu, mji mzima naukata nalia. Bojan hakuinua hata kichwa.

"Mama, leo hatupiki?"

Dada unayenisoma, kama mtoto wa mwenzio amekuchosha, sema umechoka. Ukweli ukishindwa kumtoa, mwache akae. Mimi nilishinda kwa uongo, kumbe niliyemdanganya aliujua tangu siku ya kwanza, na alikuwa anajichukia kila asubuhi akiamka kando yangu.