Mayai ya Kuku wa Sabrina

Bombani pale Ihumwa maji huchelewa, maneno hayachelewi. Ndoo zikishapangwa foleni, kina mama hukalia madumu yao na kuyapitia mambo yote ya dunia: bei ya vitunguu, mume wa fulani, mlenda wa mwaka huu usiovutika.

Mwanahawa, mjane wa Kirangi kutoka Kondoa, alikuwa wa kusikiliza tu. Na tangu amzike bintiye Sabrina, aliyechukuliwa na pumu msimu wa vumbi, ndiyo kabisa. Akiulizwa hali hujibu "Alhamdulillahi," uso ameugeuzia relini. Watu wakausifu ukimya huo, wakauita subira. Subira gani, mtu anaungua ndani kwa ndani?

Sabrina alimwachia kuku. Alimleta kutoka Kondoa kwenye tenga, angali kifaranga, kishingo asiye na unyoya shingoni, na sura yake mbaya ikawachekesha wote wawili. Kuku yule akazaa ukoo mzima. Kila asubuhi Mwanahawa aliwamwagia pumba na kuzungumza nao, mambo ambayo bombani hakuyagusa. Kisha kideri kikaingia mtaani. Kuku wakasinzia, wakapinda shingo, wakafa wote na jogoo wao. Akawachoma nyuma ya nyumba huku analia waziwazi, maana hapakuwa na wa kumwona. Yakabaki mayai yaliyotagwa kabla ya ugonjwa, bakuli moja tu.

Bibi Joha, jirani mzee ambaye kuku wake walichanjwa, alimwahidi kwamba koo lake la kuku likianza kuatamia atayaweka mayai hayo chini yake. Lakini koo halikuwa na haraka, na jua la Dodoma halingoji mtu. Mwanahawa akaingiwa na hofu. Mbegu ya kuku wa Sabrina ilikuwa ndani ya bakuli lile, na si penginepo.

Siku hiyo bombani akafungua kinywa.

"Jamani, mayai mabichi mnayawekaje yasiharibike?"

Kina mama walifurahi kumsikia, kila mmoja akataka awe wa kwanza kujibu.

"Mimi nayafukia kwenye majivu," alisema Frida, mke wa karani.

"Kwenye uwele ndiko yanakokaa vizuri, ncha iangalie chini. Na usiyaoshe!" mwingine akampinga.

Evodia mama lishe, mwenye roho nyeupe kuliko wote pale, akawanyamazisha. "Hamjui nyie. Paka mafuta ya alizeti ganda zima, usiache pahala. Mie yangu yanakaa wee, nikivunja kiini kimesimama vilevile."

"Kwani unafungua duka, Mwanahawa?" mmoja akatania, wakacheka.

Hapo ndipo pa kusema kwamba ni ya kuatamisha. Lakini kusema hilo ni kumtaja Sabrina, na kumtaja Sabrina ni kulia mbele za watu na kuwaharibia kicheko chao. Akacheka nao. Jioni Evodia akamletea mafuta yenyewe kwenye kikombe, hakutaka hata senti. Mwanahawa akayapaka mayai kwa kidole, moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto aliyetoka kuoga.

Koo la Joha likaanza kuatamia, mayai yakawekwa chini yake. Siku za kutotoa zikafika, zikapita. Asubuhi moja kuku akainuka mwenyewe, akaenda zake jalalani kuchakura. Bibi Joha akavunja yai la kwanza, uvundo. La pili, la tatu, viza matupu. Akaokota kipande cha ganda, akakisugua kwa vidole.

"Mwanangu, umeyapaka nini?"

"Mafuta, bibi. Yasiharibike."

"Lo! Hayo ni ya mayai ya kula. Ya kuatamia hayapakwi. Kifaranga huvuta pumzi kupitia ganda hilohilo. Umeiziba."

Mwanahawa akakaa chini, pale pale penye kinyesi cha kuku. Pumzi tena. Alimwona Sabrina kitandani, mdomo wazi, akitafuta hewa, naye mama mtu mikono haijui la kufanya. Safari hii mikono hiyohiyo ndiyo iliyoziba. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, naye aliuficha hata kwa wanaompenda.

Aliporudi bombani Evodia alimpokea kwa tabasamu. "Eti shoga, mafuta yalisaidia?"

"Alhamdulillahi" ilikuwa tayari mdomoni. Frida akadakia: "Na mimi leo nayapaka yangu. Nangoja koo langu liatamie."

"Usipake," alisema Mwanahawa. "Ya kuatamia usipake. Vifaranga hukosa pumzi. Yangu yote yamekufa."

Evodia akamsogelea. "Kumbe yalikuwa ya kuatamisha? Mbona hukuniambia, dada yangu?"

"Yalikuwa ya kuku wa Sabrina." Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo pale. "Sikuweza kusema. Sasa hakuna tena."

Evodia akajifunika uso kwa kanga. Ndoo iliyokuwa chini ya bomba ikajaa, maji yakamwagika mchangani, na hakuna aliyenyanyuka kulifunga.